Mbona Wananipiga Picha Tena?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Vuta kigoda, punguza moto kidogo, tuzungumze. Kama hapo nyumbani kuna mgonjwa wa saratani, mwite naye asikilize. Kama amelala, sikiliza kwa niaba yake, utamweleza akiamka.

Leo ninataka kuzungumza juu ya jambo moja tu katika matibabu ya saratani, nalo ni zile picha ambazo mgonjwa hupigwa akiwa tayari amelala kwenye kitanda cha mashine ya miale, kabla ya kutibiwa. Utasema, sista, picha nayo ni jambo la kutuketisha hapa? Ngoja nikueleze.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na mama mmoja katika eneo ninalotembelea, muuza mboga, mama wa watoto wanne. Alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi, ile ambayo wengi wetu huiita saratani ya njia ya uzazi. Madaktari walimwambia kwamba ugonjwa ulikuwa haujaenda mbali, na kwamba tiba ya miale pamoja na dawa ingeweza kuumaliza. Akapangiwa siku 25 za miale. Wenzake wa chama wakamchangia nauli, dada yake akawachukua watoto, naye akaenda mjini kukaa kwa jamaa.

Siku ya sita alinipigia simu. "Sista, kila siku nikilala pale wananipiga picha kwanza. Wanatoka, wananiacha peke yangu, halafu kitanda kinasogea. Leo wamenipiga mara mbili. Mbona?"

Nilikuwa kwenye kliniki ya watoto, foleni imefika mlangoni. Nikamjibu, "Hiyo ni kawaida tu, mama, usijali." Ukweli ni kwamba sikujua. Mafunzo yangu ya diploma hayakunieleza mengi kuhusu mashine za miale, nami niliona haya kusema sijui. Kumbe yeye alikuwa ameshajipa jibu lake: kwamba wameona ugonjwa umesambaa na wanamficha. Siku mbili baadaye alifunga virago akarudi nyumbani. Aliniambia, "Kama ni kufa, afadhali nife nikiwatazama watoto wangu."

Nilimsihi arudi, akakataa. Alirudi hospitali baada ya miezi mitano, akivuja damu. Wakati huo miale aliyopewa ilikuwa ya kupunguza damu na maumivu tu. Tulimzika mwaka uliofuata. Baada ya hapo nilimtafuta mtaalamu anayefanya kazi kwenye mashine hizo, nikamwomba anieleze kila kitu kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Hayo aliyonieleza, na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayokuletea leo.

Tuanze na miale yenyewe. Wengine huiita mionzi. Haionekani kwa macho, haina harufu, na inapokupita huhisi chochote. Ni ndugu wa ile miale ya eksirei inayopiga picha ya mfupa uliovunjika, ila hii ya matibabu ina nguvu nyingi zaidi. Inapopita mwilini huzijeruhi chembechembe zilizo hai. Chembechembe nzuri zikipewa muda hujirekebisha. Za saratani hazijui kujirekebisha vizuri, kwa hiyo hufa kidogo kidogo. Ndiyo maana mgonjwa hapewi dozi yote siku moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi hugawanywa iwe siku 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano, na Jumamosi na Jumapili mwili unapumzika.

Sasa fikiria mahali penyewe ulipo mlango wa kizazi. Mbele yake kuna kibofu cha mkojo. Nyuma yake kuna utumbo wa mwisho unaobeba haja kubwa. Juu yake kuna utumbo mwembamba. Majirani wote wamebanana kama nyumba za ploti moja. Miale ikikosea njia kidogo, upande mmoja saratani inabaki bila kutibiwa, na upande wa pili jirani asiye na hatia anachomwa. Kuhara kusikoisha, damu katika mkojo, vidonda vya utumbo: haya yanaweza kumfuata mama miaka mingi baada ya saratani kupona.

Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza mgonjwa hatibiwi. Hulazwa kwenye mashine ya skani ya CT, alale vilevile atakavyolala siku zote za matibabu, mikono ilipo na magoti yalipo. Picha za skani huingizwa kwenye kompyuta, zikawa kama ramani ya mwili wake. Daktari huchora juu ya ramani hiyo mahali penye ugonjwa na mahali pa kukwepa. Mwanafizikia wa hospitali hupiga hesabu ya miale ipite wapi na kwa nguvu gani. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, pengine zaidi. Wagonjwa wengi hudhani wamesahauliwa. Mama, hujasahauliwa. Hata hivyo, ukiona kimya kimezidi siku ulizoambiwa, piga simu uulize. Faili hupotea, hilo sitakudanganya.

Kabla ya kushuka kwenye skani utawekewa alama ndogo kwenye ngozi, mara nyingi moja mbele na moja kila upande wa nyonga. Nyingine ni za wino wa kalamu, nyingine ni nukta za kudumu zilizochanjwa kwa sindano, ndogo kama punje ya ulezi. Siku ya matibabu, mistari ya mwanga, myekundu au ya kijani, hutoka ukutani ikaangukia kwenye alama hizo. Wataalamu hukuvuta huku na huku mpaka mistari na alama zikutane.

Hapo utauliza: kama alama zimekutana na mistari, picha ni ya nini tena?

Ni kwa sababu ngozi si mfupa. Jishike tumbo hapo ulipo. Unaona linavyoteleza? Alama ikae sawa kabisa juu ya ngozi, na mifupa ya nyonga chini yake iwe imegeuka kidogo. Leo umelala ukiwa umetulia, jana ulikuwa umekaza misuli kwa woga. Wiki hii umepungua kilo mbili kwa sababu dawa zimekuondolea hamu ya chakula. Macho ya mtaalamu hayawezi kuona hayo kwa nje.

Ukimtazama fundi wa mawe anayejenga nyumba, hata kama jana alijenga ukuta ulionyooka kama mshale, leo asubuhi anafunga uzi tena na kuteremsha timazi tena kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Hakuna anayemwona akifanya hivyo akasema nyumba imeharibika. Picha ile kwenye kitanda cha miale ndiyo uzi wa fundi.

Na hupigwaje? Kwenye mashine za kisasa kuna kibao bapa, kama sinia kubwa, kinachokunjuka kutoka kwenye mashine kama mkono. Miale hutoka kwenye kichwa cha mashine, hupita mwilini mwako, halafu huangukia kwenye kibao hicho upande wa pili. Kibao hugeuza miale kuwa picha, na picha hutokea kwenye kompyuta ya wataalamu kwa muda wa sekunde tu. Mashine nyingine zina mkono wa pili pembeni unaotoa miale hafifu zaidi, maana miale hafifu hutoa picha inayoonyesha mifupa vizuri zaidi. Nyingine huuzungusha mkono huo ukakuzunguka polepole, ikapatikana picha kama ya skani. Ukiona chuma kinakuzunguka, usiogope. Hakikugusi.

Wataalamu huiweka picha ya leo kando ya ile ramani. Hulinganisha mfupa kwa mfupa. Kama umesogea milimita chache kutoka mahali pako, wanaandika kwenye kompyuta na kitanda kinasogezwa milimita hizo hizo. Milimita tano ni kidogo tu, lakini pale ndani zinaweza kuwa ndizo zinazotenganisha ugonjwa na utumbo. Kwa hiyo mama, kitanda kikisogea, hakuna ugonjwa mpya uliogunduliwa. Ni wewe unayerudishwa mahali pako. Na picha ikipigwa mara ya pili, mara nyingi ni kuhakikisha kwamba kusogezwa kumekuwa sawa.

Nao hutoka nje kwa sababu wao hufanya kazi hiyo kila siku, mwaka mzima, na hawafai kupata miale ya kila mgonjwa. Wakiwa nje wanakuona kwenye kamera na wanaweza kukusikia. Ukihisi vibaya, ukikaribia kupiga chafya au kukohoa, inua mkono au sema. Watasimamisha mashine. Usikimbilie kushuka, kitanda kiko juu.

Nikupe kisa kidogo cha zamani. Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Picha yake iliyopata sifa kuliko zote ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa yote ikionekana na pete ikiwa kidoleni. Mwaka uliofuata, 1896, madaktari walikuwa tayari wameanza kujaribu kutibu saratani kwa miale hiyo. Lakini kwa miaka mingi sana, mtu akitaka kuhakikisha kwamba miale inapita panapostahili, alilazimika kuweka filamu nyuma ya mgonjwa, kisha kuipeleka kwenye chumba chenye giza ioshwe kwa dawa. Mara nyingi kosa lilionekana wakati mgonjwa ameshatibiwa na yuko njiani kurudi kwake. Kibao cha elektroniki ndicho kilicholeta tofauti, kwa sababu kosa linaonekana wakati mama bado amelala pale, na linarekebishwa kabla hajatibiwa. Ukiniuliza mimi, hizo dakika chache ni za thamani kuliko tangazo lolote la mashine mpya.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo yule mama wa mboga alipopotea. Picha hiyo ya kitandani haipigwi kutafuta saratani. Katika ile picha ya kawaida ya kibao huonekana mifupa zaidi. Nyama laini huonekana hafifu, na uvimbe wenyewe mara nyingi hauonekani kabisa. Hata mtaalamu angetaka kukwambia kama uvimbe umepungua au umeenea, picha hiyo haiwezi kumwambia. Kwa hiyo usisome uso wake ukitafuta habari zako. Pengine amekunja uso kwa sababu hajanywa chai. Habari za maendeleo ya ugonjwa utazipata kwa daktari wako, ambaye kwa kawaida hukuona mara moja kwa wiki wakati wa matibabu, na tena miezi kadhaa baada ya kumaliza.

Nije sasa kwenye kibofu. Najua kuna akina mama watacheka, lakini jambo hili huwasumbua wengi kuliko miale yenyewe.

Wakati wa skani ya kwanza, hospitali nyingi humwambia mama akojoe, kisha anywe maji kiasi fulani, kisha asubiri muda fulani. Kibofu kikijaa, husukuma utumbo mwembamba juu, ukawa mbali na njia ya miale. Pia mfuko wa uzazi hukaa mahali pamoja. Kibofu kikiwa kitupu, utumbo unateremka kwenye njia ya miale, na mfuko wa uzazi unaweza kuhama kwa sentimita nzima au zaidi. Ramani ilichorwa kibofu kikiwa kimejaa. Leo umekuja na kibofu kitupu. Basi mwili wako na ramani yako havifanani tena, hata kama mifupa imekaa sawasawa.

Msikilizaji mmoja, mwanamume, alituma ujumbe akilalamika kwamba mkewe aliteremshwa kitandani mara mbili kwa siku moja akaambiwa akanywe maji. Anauliza kama hao watu wanacheza na mgonjwa. Ndugu yangu, nakuelewa, kusubiri kunachosha. Lakini hao waliomteremsha mkeo walikuwa wanaulinda utumbo wake. Ambaye ningemhofia ni yule anayeona kibofu ni kitupu akasema, haya, twende tu.

Najua pia ugumu wake. Mama anatoka mbali, amepanda matatu saa kumi na moja alfajiri, barabara ina mashimo. Hataki kunywa maji asije akaaibika njiani. Anafika koo limekauka, na hapo anaambiwa anywe maji mengi kwa haraka. Mwili uliokauka hauleti mkojo upesi. Shauri langu ni hili: kunywa maji ya kutosha jana yake mchana na jioni. Ukifika hospitali, nenda chooni kwanza, kisha kunywa kiasi ulichoambiwa na hospitali yako, kwa kipimo kilekile kila siku. Beba chupa yako mwenyewe iliyowekwa alama. Kama ni vikombe viwili, viwe viwili kila siku, visiwe vitatu leo na kimoja kesho. Na muda wa kusubiri uwe uleule.

Kuna mama ambaye hawezi kushika mkojo. Pengine ni kwa sababu ya uzazi wa taabu, pengine ni ugonjwa wenyewe. Huyo huwa anakaa kimya, anavaa kitambaa ndani ya leso na kuomba Mungu. Mama yangu, sema. Sema mapema, siku ya skani. Kuna wagonjwa ambao ramani yao huchorwa kibofu kikiwa kitupu, na kila siku wanatibiwa kikiwa kitupu. Kinachotakiwa ni kufanana kila siku. Hakuna mtaalamu atakayekucheka, na kama yupo, mlalamikie msimamizi wake.

Hali kadhalika choo kikubwa. Utumbo uliojaa choo kikavu au hewa husukuma mlango wa kizazi mbele. Ukikaa siku tatu bila kwenda haja kubwa, mwambie muuguzi. Ukiharisha pia mwambie, maana kuhara ni kawaida katika wiki za katikati na kuna dawa. Usijitibu kwa mitishamba ya kuharisha ili "kusafisha tumbo". Miale na mitishamba ya namna hiyo vikikutana, matumbo hayatakuwa na amani.

Zile alama za ngozi nazo, usizisugue. Oga, ndiyo. Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, jipanguse kwa kugusagusa bila kusugua. Alama ya wino ikififia, usijichore mwenyewe kwa kalamu ya mtoto wa shule. Najua mama mmoja aliyejichorea ili asigombezwe. Alama ikawa kando kwa upana wa kidole. Picha ndiyo iliyofichua, na shukuru Mungu ilikuwepo.

Kwa wewe unayemtunza mgonjwa wa saratani ya koo, ya pua au ya mdomo, kuna jambo la ziada. Mgonjwa wako hutengenezewa kinyago cha plastiki. Plastiki hiyo hulainishwa kwenye maji ya moto, hulazwa usoni ikiwa vuguvugu, ikashika umbo la uso wake. Kila siku hufungwa nacho kitandani asigeuze kichwa. Ana nafasi ya kupumua, ingawa mara ya kwanza hutisha. Mgonjwa asipokula akakonda, kinyago hulegea, kichwa kinacheza ndani, na picha inaanza kuonyesha tofauti kila siku. Wakati mwingine hulazimika kupigwa skani upya na kutengenezewa kinyago kingine, na siku zinapotea. Kwa hiyo uji wako wa karanga, maziwa yako, yai lako lililopondwa katika viazi, hayo nayo ni sehemu ya kuelekeza miale. Kama hawezi kumeza kabisa, usingoje wiki iishe. Mwambie daktari siku hiyohiyo.

Ukiwa na mtoto mdogo anayetibiwa, atapewa usingizi wa dawa ikiwa hawezi kutulia, kwa hiyo fuata maagizo ya kutompa chakula kabla ya kwenda. Mtoto akilia kwa njaa saa hizo, moyo wa mzazi huvunjika, nalijua hilo. Lakini akila kisha apewe dawa ya usingizi, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Wengi huniuliza: je, picha hizi zote haziongezi miale mwilini? Zinaongeza kidogo, ndiyo. Lakini ni kidogo sana ukilinganisha na dozi ya matibabu yenyewe, na faida yake ni kwamba ile dozi kubwa inaenda panapotakiwa. Na je, mama akitoka pale anaweza kumbeba mtoto wake? Ambebe, ampakate, walale kitanda kimoja. Mashine ya nje ni kama taa. Ukiizima, mwanga haubaki chumbani. Baadaye wagonjwa wengi wa mlango wa kizazi hupewa pia miale ya ndani, ambapo vifaa huingizwa kwa muda mfupi na kutolewa. Huko nako hupigwa picha kwanza, kuona vifaa vimekaa wapi. Vikishatolewa, hakuna kinachobaki mwilini. Mama asipikiwe kando, wala sahani yake isitengwe. Ila kama unadhani una mimba, au unaweza kuwa nayo, lazima useme kabla ya skani ya kwanza.

Pengine hospitali yako haikupigi picha kila siku. Hospitali nyingine hupiga kila siku, nyingine siku tatu za mwanzo kisha mara moja kwa wiki. Mashine za zamani za kobalti nyingi hazina hicho kibao cha elektroniki. Wataalamu hutumia alama na filamu, na huacha nafasi kubwa kidogo kuzunguka ugonjwa. Miale hiyo imewaponya wanawake wengi. Usikatae matibabu yaliyo karibu kwa sababu umesikia kuna mashine nzuri zaidi mahali pengine. Kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyokuwa na tiba ya miale nchini ilikuwa Kenyatta peke yake, na watu walisubiri foleni kwa miezi. Leo iko pia Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iko Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa. Uliza ya karibu nawe, na uhakikishe mapema kwamba usajili wako wa SHA uko sawa, kwa maana NHIF iliondoka Oktoba 2024 na kadi yake ya zamani haitakusaidia.

Na siku zikianza, usizikate. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, matibabu yote, ya nje na ya ndani, yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki nane hivi. Yakivutwa zaidi ya hapo, nguvu yake inapungua, kwa sababu chembechembe za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuota tena. Matanga, mavuno, ada ya shule, yote yana haki yake, lakini waambie jamaa mapema kwamba kwa wiki hizo huyu mtu hayupo. Mashine ikiharibika, uliza siku zilizopotea zitafidiwa vipi. Ukihamishiwa hospitali nyingine, usiondoke bila nakala ya ramani yako ya matibabu na ripoti ya dozi ulizokwisha kupata.

Mwisho, wewe unayemsindikiza mgonjwa. Chumbani hutaingia, utabaki kwenye benchi. Lakini akitoka, muulize, "Leo wamekusogeza?" Kama ana wasiwasi, rudi naye mlangoni ukaulize kwa maneno haya: "Tafadhali tuelezeni, picha ya leo imeonyesha nini, na kwa nini mmeirudia?" Ni swali la adabu na ni haki yenu. Kama unayemuuliza ni muuguzi kama mimi, na akakujibu kwamba ni kawaida tu, muulize tena. Kama hajui, mwambie awapeleke kwa anayejua.

Ujumbe wenu wa wiki hii nimeupokea, na wale wa akina mama watatu waliouliza juu ya maumivu wakati wa tendo la ndoa baada ya miale, nitawajibu katika kipindi cha jioni, watoto wakiwa wamelala. Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto anayekataa titi. Kwaherini.